Injini Kubwa Ndani ya Pikapu Ndogo: Je, Mafuta Hupungua?



Huko Kerege na vijiji vya jirani, Mapinga na Zinga, pikapu ndogo ni mali ya jamaa nzima. Ndiyo ichukuayo mihogo, nazi na maembe kwenda sokoni Tegeta na Kariakoo, na ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali usiku. Basi injini ya petroli inapochoka, mwenye gari hupewa shauri hili: "Ing'oe, utie dizeli. Tena usitie ndogo, tia kubwa. Kubwa haisumbuki, kwa hiyo hainywi mafuta." Maneno hayo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki yaweza kula fedha za korosho za mwaka mzima. Leo na tuyapime.

Kwanza tuitazame dizeli yenyewe. Bwana Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifanikiwa kuiendesha injini yake vizuri huko Augsburg mwaka 1897. Injini hiyo haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Injini ya petroli ya pikapu za zamani hubana hewa mara 8 au 9 hivi, lakini dizeli nyingi za namna hiyo hubana mara 20 na zaidi. Kadiri hewa inavyobanwa, ndivyo moto ule ule unavyotoa kazi nyingi zaidi. Tena lita moja ya dizeli ina nguvu kuliko lita moja ya petroli, kwa kadiri ya sehemu 10 au zaidi katika 100. Kwa hiyo anayetoa petroli na kutia dizeli ya kadiri ile ile aweza kweli kupata nafuu.

Lakini hapa hatusemi dizeli tu, twasema dizeli kubwa. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Chukua mfano wa injini mbili za Toyota zinazojulikana sana kwetu. Ile iitwayo 3L ina lita 2.8 na silinda 4, nayo ilitiwa kiwandani katika Hilux na Hiace. Ile iitwayo 1HZ ina lita 4.2 na silinda 6, nayo ni ya Land Cruiser na ya mabasi mengi ya Coaster. Ukiitia ya pili katika pikapu ndogo, umelipa gari la mihogo injini ya kuvuta basi.

Mama jikoni ajua jambo hili bila kufundishwa na fundi. Ukichemsha chai ya watu wawili katika sufuria la pilau la harusi, kuni nyingi zapotea kwa kupasha sufuria lenyewe. Ndivyo ilivyo injini kubwa. Pistoni zake ni nyingi na nzito, tena zasuguana na silinda kila zinapopanda na kushuka. Kabla gari halijasogea hatua moja, mafuta yamekwisha tumika kwa kuizungusha injini yenyewe.

"Lakini yazunguka polepole," utaambiwa. Ni kweli, na dizeli ikizunguka polepole hunywa kidogo. Ila sharti gia na difu vikubali. Difu ya pikapu ya petroli mara nyingi ilipangwa kwa injini ya mbio. Ukiiacha ile ile, dizeli yako itapiga kelele katika mwendo wa kilomita 80, wala hutaona faida uliyoahidiwa. Kubadili difu ni gharama nyingine tena.

Halafu kuna uzito. Huko Marekani wako watu wanaotoa injini za Cummins 4BT, za lita 3.9, katika magari ya kusambaza mikate, wakazitia katika pikapu ndogo. Injini moja ya namna hiyo ina uzito wa kilo 300 na zaidi. Uzito kama huo ukiwa mbele, springi hulala, matairi huisha upesi, na breki zilizotengenezwa kwa gari jepesi hazitoshi. Wakati wa masika, katika njia za shambani, pua ya gari huzama kwanza. Na hatari kubwa kuliko zote ni tamaa: nguvu ikizidi, mzigo nao huzidi. Injini itavuta tani mbili, lakini breki ni zile zile za tani moja. Kumbuka ni nani hukaa juu ya magunia hayo.

Sasa tufanye hesabu kwa lita, maana bei ya mafuta hutangazwa upya na EWURA kila mwezi, na dizeli si rahisi kuliko petroli siku zote. Tuseme baba mmoja wa Kerege huenda Kariakoo na kurudi mara 4 kwa juma, jumla kilomita 400. Petroli yake yaenda kilomita 8 kwa lita, basi anatumia lita 50. Dizeli ya kadiri ikienda kilomita 10 kwa lita, atatumia lita 40. Ameokoa lita 10 kwa juma, yaani lita 500 kwa majuma 50. Ikiwa injini, fundi, betri kubwa na kusafisha tangi vimemgharimu thamani ya lita 2,000, fedha yake itarudi baada ya miaka 4. Na dizeli kubwa ikienda kilomita 8 tu kwa lita? Haitarudi kamwe.

Usikubali hesabu yangu wala ya muuzaji. Pima mwenyewe. Jaza tangi mpaka mdomoni, andika kilomita, fanya kazi zako za juma, kisha jaza tena mpaka mdomoni. Gawanya kilomita kwa lita ulizotia. Rudia mara tatu. Huenda ukaona kwamba filta ya hewa iliyoziba na matairi yasiyo na upepo wa kutosha ndiyo yanayokunywa mafuta yako.

Ukiamua kubadili, namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Nenda TRA ukaiandikishe mpya, na uwaarifu watu wa bima. Zamani ada ya gari ya kila mwaka ilitozwa kwa ukubwa wa injini. Ilifutwa mwaka 2017, na kodi ya mafuta ikaongezwa shilingi 40 kwa lita. Kwa hiyo injini kubwa sasa hulipa kila inapokunywa.

Injini kubwa ina mahali pake: katika gari lenye fremu, ekseli na breki zake, lenye kupanda milima na mzigo mzito kila siku. Barabara ya Bagamoyo haina milima ya namna hiyo.

Basi kabla ya kuhesabu noti mbele ya muuzaji, kaa na mama watoto, mchukue kalamu na daftari. Fedha hizo ni za wote wawili.

Juma lijalo: namna ya kuitambua injini ya mtumba iliyokwisha choka.