Kuvu inaua wadudu, lakini itahimili joto la dukani?

Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, wakulima wengi wa mahindi, Shinyanga na Geita wakiwamo, walikimbilia sumu za dukani. Ipo njia nyingine: kuvu iitwayo Metarhizium, inayoishi udongoni yenyewe. Si ule ukungu wa nyanya. Chembe zake zikimgusa mdudu huota, hutoboa ngozi na kumla kwa ndani. Naye hufa baada ya siku kadhaa, si papo hapo.

Si jambo geni kwetu. Mwaka 2009 nzige wekundu wa Katavi na bonde la Malagarasi walinyunyiziwa kuvu ya jamii hiyo kutoka angani, kwa msaada wa FAO. Kituo cha icipe, Nairobi, nacho kimepata aina zinazoua mayai ya viwavijeshi na viwavi wachanga. Waliokwisha nenepa ni wagumu.

Kikwazo tunachokiona ni duka. Kuvu ni kiumbe hai. Joto na jua kali huiua. Ikikaa miezi chini ya bati, Kahama au Katoro, mkulima atanunua vumbi tupu. Muulize muuzaji anaihifadhi wapi, inaisha lini, na kama imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Kisha nyunyiza jioni, bila kuichanganya na dawa ya ukungu.