Besi Ilipokata Pumzi Jukwaani

Haya jamani, wale mliokuwa mnaniuliza kwa nini Jumamosi ile nililiinamia gitaa kama mtu aliyedondosha pete ya uchumba, leo napasua jipu.

Mnajua mbali na kuandika haya makorokocho napiga besi kwenye bendi moja hapa Dar. Jina siwatajii, maana kiongozi wetu naye anasoma gazeti hili. Basi siku hiyo ukumbi umejaa, tuko wimbo wa tatu, besi ikaanza kukwaruza kama redio yenye mafua, ikafifia, halafu kimya. Mpiga dramu kanitolea macho. Kiongozi akanisogelea sikioni: "Dogo, likikata tena nafasi hiyo ina mtu." Na kweli anaye. Kuna kijana kila Ijumaa anakaa meza ya mbele, hachezi, ananitazama vidole tu.

Nikabadili betri, shoo ikaisha salama. Lakini hiyo ilikuwa betri ya tatu ndani ya miezi miwili! Jumatatu nikalipeleka kwa fundi redio. Hata kifuniko hajafungua, akatikisa kichwa: "Saketi imeoza hii, inakula umeme. Lete 80,000." Mwenzenu kwa shoo nalipwa 25,000. Pigeni hesabu.

Kabla sijaenda kukopa nikampitia mzee mmoja, mpiga besi mstaafu. Akaniuliza swali moja tu: "Ukimaliza mazoezi, waya unauchomoa?"

Nikacheka. Niuchomoe ili iweje, wakati kesho napiga tena?

Kumbe! Besi ya aktivu, kama ile Music Man StingRay iliyotoka mwaka 1976, ina kiamplifaya kidogo tumboni kinachoendeshwa na betri ya volti 9. Na nyingi hazina swichi ya kukiwashia. Swichi ni lile tundu la kuchomekea waya. Plagi ikiingia inagusanisha vyuma viwili, betri inaanza kazi. Unaweza kuzima amplifaya kubwa ukaenda kulala, gitaa lenyewe linaendelea kula usiku kucha. Langu lilikuwa linakula wiki nzima! Ukichomoa, betri nzuri inakupeleka miezi.

Ndiyo maana pia ukiazima waya wa plagi ya stirio, ile yenye mikanda miwili myeusi, gitaa linaweza kununa kabisa na betri ni mpya. Vile vyuma havigusani.

Mzee akatoa testa. Betri yangu ya Jumamosi, ya bei poa kutoka kibandani, ikasoma volti 7 na ushee. Mpya ya maana inatoa 9 na kitu. Siku hizi ikishuka chini ya 8 sipandi nayo jukwaani, hata uniite bahili.

Halafu tukafungua kifuniko. Yarabi! Nati ya tundu imelegea, kila nikichomeka tundu zima linazunguka na kusokota nyaya. Waya mweusi wa betri umebakiwa na nyuzi mbili. Yaani wiki moja zaidi ningekuwa namtazama yule kijana vidole. Mzee akaushika kwa risasi, akakaza nati kwa spana huku amelishikilia tundu kwa ndani lisizunguke. Robo saa. Akaomba soda.

Wenye gitaa lenye swichi ya pasivu mna bahati. Likikata, hamia pasivu. Sauti ikirudi, anza na betri. Ikigoma, badili waya kwanza, kisha chungulia tundu. Na vitufe vikikwaruza pale unapovizungusha tu, mara nyingi ni vumbi, usikubali kuuziwa saketi.

Ijumaa nilipomaliza kupiga nikachomoa waya. Yule kijana akanifuata: "Braza, mbona unachomoa na mnarudi baada ya mapumziko?" Nikamwambia ni mazoea tu.

Najua leo unanisoma, dogo. Haya, ndiyo hivyo.