Kamanyola: Akili bandia ya kulinda rezo za simu isimfungie mkimbizi pesa yake

Tangu M23 iingie Bukavu Februari 2025 na benki kufunga milango, wakaaji wengi wa Kivu Kusini wanategemea M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Anayeshambulia rezo ya simu anagusa moja kwa moja chakula cha familia.

Ndiyo maana makampuni yanageukia akili bandia. Programu hujifunza mwenendo wa kawaida wa mtandao, kisha hutoa tahadhari ikiona jambo geni: namba moja inayotuma maelfu ya ujumbe, au mnara wa uongo unaovuta simu za watu. Airtel ilianza kutambua ujumbe unaoshukiwa kuwa taka (spam) kwa njia hiyo India mwaka 2024, kisha Nigeria na Kenya mwaka 2025. Teknolojia ya 5G inaficha utambulisho wa mteja hewani. Ile ya zamani ya 2G haihakikishi hata kama mnara ni wa kweli.

Lakini Kamanyola iko pale Kongo, Rwanda na Burundi zinapokutana. Desemba 2025, mapigano yalisukuma maelfu ya raia kuvuka mpaka. Machoni pa mashine, simu nyingi kuhama kwa siku moja zinaweza kufanana na shambulio. Laini zikifungwa, mkimbizi anakosa pesa siku anapoihitaji zaidi.

Basi mashine itoe tahadhari, lakini uamuzi wa kufunga laini ubaki kwa mtu anayejua hali ya eneo.