Choo Kirudishacho Mali Shambani

Mwenye shamba katika vilima vya Kericho na Bomet huyajua vema mambo mawili: mvua na mteremko. Mvua ya Kericho hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, nayo huonekana karibu kila mwezi. Mteremko nao huchukua kilicho juu na kukipeleka bondeni, ambako aghalabu ndiko iliko chemchemi ya kuteka maji. Choo kikichimbwa pasipo kufikiri, mambo hayo mawili hukutana ndani yake. Maji hujaa, kuta hubomoka, na uchafu alioudhania mtu kuwa ameuficha huja kuonekana katika mtungi wa jirani yake. Kipindupindu kilichozuka nchini Kenya mwishoni mwa mwaka 2014 kilifika Bomet mwaka 2015, na ugonjwa huo hauna njia nyingine kubwa zaidi ya kumwingia mtu kuliko maji na chakula vilivyoguswa na kinyesi.

Na ichukuliwe hali ya mzee mwenye ekari mbili, ambaye chai yake imefika hadi ukingoni mwa ua. Maishani mwake amekwisha kuchimba mashimo matatu ya futi ishirini, na kila moja lilipojaa alilifukia na kuliacha. Sasa linatakiwa la nne, wala hana mahali pa kulichimba ila kwa kung'oa chai, au kwa kushuka chini karibu na chemchemi. Mwanawe, ambaye ni karani mjini, amekuja likizoni.

"Baba," asema kijana, "safari hii yafaa tuchimbe mashimo mafupi."

"Mwanangu, shimo fupi hujaa upesi."

"Litajaa, baba. Kisha litafunguliwa na kutolewa mbolea."

Mzee anyamaza kitambo, kisha auliza, "Na ni nani atakayelifungua?"

Swali la mzee ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kabla ya jembe kuinuliwa. Hapana mtu mwenye akili atakayekubali kushika kinyesi. Lakini kitu kinachotolewa katika shimo lililotunzwa vema si kinyesi tena. Kinyesi kikichanganywa na udongo, majivu na majani makavu, kisha kikiachwa kwa muda wa kutosha, wadudu wadogo wa ardhini hukila na kukigeuza kuwa udongo mweusi, mwepesi, usio na harufu. Ni kazi ile ile inayofanyika katika lundo la samadi ya ng'ombe nyuma ya zizi. Huko Zimbabwe, mtaalamu Peter Morgan, aliyepewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2013, alitumia miaka mingi kuvijaribu vyoo vya namna hii na kuwafundisha wakulima kuvijenga kwa gharama ndogo. Kenya nayo haikuachwa nyuma, kwani kati ya mwaka 2006 na 2010 vyoo vinavyohifadhi mbolea vilijengwa katika nyumba na shule kadha wa kadha kwa msaada wa mataifa ya Ulaya.

Ujenzi wenyewe ni kama ifuatavyo. Mahali pachaguliwe palipo pakavu na palipoinuka, umbali usiopungua futi 100 kutoka chemchemi au kisima, tena pasiwe juu ya chemchemi katika mteremko ule ule. Hapo yapimwe mashimo matatu ya mviringo, kila moja upana wa futi tatu na kina cha futi tano, na kati ya shimo na shimo ibaki nafasi ya futi nne. Udongo mwekundu wa Kericho husimama vizuri na kupitisha maji, lakini mdomo wa shimo hauna budi kujengewa duara la matofali linalopanda futi moja juu ya ardhi, na udongo ushindiliwe kulizunguka ili maji ya mvua yasiingie. Upande wa juu wa mlima uchimbwe mfereji mdogo wa kuyageuza maji. Mahali ambapo udongo ni mzito na maji hutuama, au ambapo maji huonekana shimo lisipokwisha bado, mashimo haya hayafai. Hapo hujengwa vyumba vya matofali juu ya ardhi, na shauri la fundi latakiwa.

Juu ya shimo huwekwa bamba la zege la mviringo, upana wa futi nne na unene wa inchi mbili, lenye nyaya za chuma ndani yake na tundu lenye kifuniko. Bamba hilo huweza kuchukuliwa na watu wanne. Kibanda nacho kiwe chepesi, cha fito na mabati, ili kiweze kuhamishwa pamoja na bamba. Paa litokeze nje vya kutosha kuukinga ukingo wa shimo.

Kabla ya kuanza kukitumia, sakafu ya shimo hutandikwa majani makavu kiasi cha kiganja kimoja. Ndani ya kibanda huwekwa debe la udongo mkavu uliochanganywa na majivu kidogo, na kila mtu amalizapo haja hutia kopo moja. Mara kwa mara hutiwa pia konzi za majani makavu ya miti. Udongo huo ndio unaoondoa harufu, kuwafukuza nzi na kuifanya kazi ya kuoza iende mbele. Maji ya kuogea, chupa, matambara na karatasi za nailoni visitiwe kamwe. Mwenye nyumba akilegea katika jambo hili, atakapolifungua shimo atakuta uchafu ule ule alioutia.

Shimo la namna hii huwatosha watu watano au sita kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Likibaki futi moja kujaa, bamba na kibanda huhamishiwa shimo la pili, na lile la kwanza hufunikwa kwa udongo na kuachwa. Mwaka wa tatu hutumiwa shimo la tatu. Mwanzo wa mwaka wa nne, shimo la kwanza huwa limepumzika miaka miwili kamili, na ndipo hufunguliwa.

Katika nchi za joto watu huridhika na mapumziko ya mwaka mmoja na mashimo mawili. Lakini Kericho ni nchi ya baridi, na wastani wa joto lake haufiki digrii 20. Mayai ya minyoo ya tumbo ni magumu mno, nayo huishi muda mrefu zaidi penye baridi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, lilishauri kinyesi katika nchi zenye baridi ya namna hii kihifadhiwe mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kwa hiyo shimo la tatu ndilo ulinzi wa watoto wa nyumba hiyo. Hata baada ya miaka miwili, mchimbaji avae viatu vya mpira na glavu, na anawe kwa sabuni amalizapo.

Hapa mzee atauliza swali la pili: je, mbolea hiyo itiwe kwenye chai? Jibu ni hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, chai hupenda udongo wenye uchachu, na majivu huuondoa uchachu huo. Wakulima wa zamani waliona kwamba chai iliyopandwa mahali palipokuwa na nyumba na meko hapo kale hudhoofika na kuwa ya manjano, na sababu ni majivu yaliyokusanyika mahali hapo kwa miaka mingi. Pili, wakulima wengi wanaouza majani yao kwa viwanda vya KTDA wamo katika utaratibu wa Rainforest Alliance, ambao kanuni zake haziruhusu uchafu wa choo kutumika katika zao hilo. Mboga nazo, hasa zile ziliwazo mbichi, zisipewe mbolea hii. Mahali pake ni chini ya migomba, miparachichi na miti ya kuni, ifukiwe ardhini wala isitawanywe juu. Na asiyetaka kulifungua shimo hata kidogo, alifunike kwa udongo mzuri wa futi moja na kupanda mparachichi juu yake. Mti wenyewe utaifanya kazi iliyobaki.

Iko pia desturi, nayo isidharauliwe. Katika jamaa nyingi si adabu baba mkwe kutumia choo kimoja na mke wa mwanawe. Kwa kuwa mashimo haya ni mafupi, si mzigo mkubwa kuchimba seti ya pili upande mwingine wa boma. Kabla ya yote, Bwana Afya wa kaunti aitwe apaone mahali palipochaguliwa, maana yeye aweza kuitambua njia ya maji ambayo mwenye shamba hakuishuku.

Mzee aliyeuliza ni nani atakayelifungua shimo atapata jibu lake mwaka wa nne, atakapolifungua yeye mwenyewe na kukuta udongo mweusi. Chai yake itakuwa haikung'olewa, na chemchemi ya bondeni itakuwa haikutiwa uchafu. Subira huvuta heri.