Ubaya Si Picha

Ndugu msomaji, maktaba ya umma ikionyesha sinema na kuwakalisha vijana wajadiliane, baadhi yetu hukimbilia kusema, "Haramu!" Kisha mtoto yule yule tunamwachia kibanda cha video na simu mkononi, wala hakuna wa kumwuliza alichokiona. Lipi lenye madhara zaidi?

Wazungu waliijua nguvu ya picha. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Usambara, walitengeneza sinema za kumfunza Mwafrika, wakazitembeza kwa lori. La kufunzwa walilichagua wao. Kwa njia hiyo hiyo ya kuamrisha bila kuuliza, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru, katika milima hii ya kwetu Morogoro, kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 watu wakakataa, ghasia zikazuka.

Basi ubaya si picha. Ubaya ni kunyamazishwa. Dini yetu imetuamuru shura. Sinema ikiwa chafu, ikataliwe. Ikiwa njema, nenda ewe mzazi, ukae na mwanao, na baada yake mwache aanze yeye kusema. Usipomsikiliza wewe, atasikilizwa na wasiomtakia heri.

Wabillahi tawfiq.