Mbele au Nyuma: Mgonjwa Aulizwe

Mzee anayeanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, mwandiko ukamharibikia na hatua zikaanza kuyumba, mara nyingi huambiwa ni uzee tu. Kumbe wakati mwingine shida iko shingoni: diski zimechakaa, mifupa imeota vijimwiba, kano zimenenepa, na tundu linalopitisha ugwe mgongo, unaoshusha amri za ubongo hadi mikononi na miguuni, limekuwa jembamba. Ugwe uliobanwa kwa muda mrefu huenda usirudi ulivyokuwa, ndiyo maana hali ikishakuwa ya wastani au mbaya madaktari hupendekeza upasuaji. Linabaki swali la mlango: kisu kipitie mbele, kando ya koromeo, au nyuma ya shingo? Kwa maoni yangu swali hili si la daktari peke yake.

Kwa miaka mingi jibu lilitegemea mgonjwa ameangukia mikono ya nani. Njia ya mbele, inayoondoa diski na kuunganisha pingili, ilienea tangu miaka ya 1950. Ya nyuma ina sura mbili, ama kuondoa matao ya pingili na kuzifunga kwa vyuma, ama kuyafungua matao kama mlango, ufundi uliokuzwa na Wajapani miaka ya 1970. Mwaka 2021 jarida la JAMA lilichapisha utafiti uliowagawa kwa kura wagonjwa 163 katika hospitali 15 za Marekani na Kanada. Baada ya mwaka mmoja, nafuu ya afya ya mwili ilikaribia kulingana: pointi 5.9 kwa waliopasuliwa mbele na 6.2 kwa waliopasuliwa nyuma, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Madhara ndiyo yaliyotofautiana. Matatizo yaliwapata asilimia 48 ya kundi la mbele dhidi ya 24 la nyuma, na sababu kuu ilikuwa shida ya kumeza. Lakini upungufu mpya wa neva ulionekana kwa asilimia 9 ya kundi la nyuma dhidi ya 2 la mbele. Na tunajua kwamba anayepasuliwa nyuma anaweza kuamka bega likigoma kunyanyuka, hata kama wengi hupona baadaye.

Basi ikiwa nafuu inakaribiana, kinachobaki ni kuchagua hatari, na hatari huwa na uzito tofauti kwa watu tofauti. Muadhini, ambaye njia ya mbele inaweza pia kumkwaruza sauti, hatapima mambo sawa na fundi rangi anayeshinda mkono wake ukiwa juu kuelekea dari.

Daktari atanijibu kwamba shingo iliyopinda kuelekea mbele, au ugwe uliobanwa na diski moja tu, huchagua njia yake yenyewe. Ni kweli, na utafiti ule uliwahusu tu wale ambao njia zote mbili ziliwafaa. Asiyekuwa miongoni mwao haambiwi chochote na takwimu hizi. Atasema pia kwamba mpasuaji hufanya vizuri zaidi lile alilolizoea. Nalikubali hilo, ila lina sharti: mazoea yatajwe kwa jina lake, yasivikwe joho la sayansi. Kusema “mimi huingilia nyuma, na hiyo ndiyo kazi ninayoimudu” ni taarifa halali ambayo mgonjwa anastahili kuipata, tofauti kabisa na “njia ni hii tu”.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linahusu ile njia ya nyuma ya kuyafungua matao kama mlango. Katika utafiti huo, waliofanyiwa hivyo walionekana kuwa na matokeo mazuri kuliko wengine, na wapo wanaotaka kuitangaza mshindi. Mimi nasita, kwa kuwa kura iliishia kwenye mbele au nyuma. Ndani ya kundi la nyuma, daktari ndiye aliyechagua nani afunguliwe mlango na nani afungwe vyuma. Huenda mlango uliwapata wale ambao tangu mwanzo shingo zao zilikuwa na hali njema.