Raba kwenye springi siyo matengenezo, ni usanii!

Najua niliahidi kuendelea na stori za TP, lakini leo mwenzenu nina hasira, acha nizimwage hapa kwanza.

Mjomba wangu ana Datsun 240Z. Milango miwili, boneti refu, silinda sita, injini ya lita 2.4. Kwa ninyi kizazi cha Vitz: gari la aina hiyo ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Siyo skrepa, jamani! Sasa springi za nyuma zimechoka. Nilipima kwa futi kamba toka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, kushoto pamelala sentimita tatu kuliko kulia. Fundi akachomeka raba katikati ya mizunguko ya springi. Gari likanyanyuka, mjomba kafurahi, kalipa. Wiki iliyofuata mvua, kona, kashimo kadogo tu, mkia ukaruka ukataka kupita mbele. Na ndani alikuwemo binti yake wa darasa la tatu.

Halafu mshikaji wangu wa chumbani ananiambia raba zinatosha, mbona magari kibao mjini yanatembea nazo. Kibao! Ndiyo ushahidi huo?

Haya, fizikia kidogo, nitakayowafundisha watoto wa watu kesho na keshokutwa. Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Springi iliyochoka kimsingi haijawa laini, imekuwa fupi. Ukibana mizunguko miwili kwa raba, iliyobaki ndiyo inayobeba kila kitu. Springi inakuwa ngumu upande mmoja, tairi halifuati barabara, linadunda. Shokapu nayo, ambayo kazi yake ni kutuliza springi na siyo kubeba gari, inakufa kabla ya siku zake.

Fundi wa pili ndiye kiboko. Alitaka kuivuta springi na kuipasha kwa moto wa gesi eti irudi. Irudi wapi? Chuma kile kilipewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo. Ukikichoma gereji kwa macho tu, umeua kilichobaki.

Mjomba naye ana lake: hataki mpya kwa sababu zile ni za orijino. Mjomba shikamoo, lakini orijino ni urefu ule gari lililotoka nao kiwandani, siyo kutu!

Nimemwambia zinabadilishwa zote mbili kwa pamoja, na asiguse mtu nati ya juu bila kifaa cha kubania springi, maana ikifyatuka inaua. Bushi nazo, na zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, siyo linaning'inia kwenye jeki. (Ile pini ndefu ya mkono wa chini imeganda kwa kutu, tumeigonga siku mbili. Mikono yangu usiombe.)

Gari limepaki mpaka springi zifike. Raba nimezichomoa, ziko chini ya kitanda changu hapa hosteli. Anayesema zinatosha aje azichukue, akazifunge kwenye gari la baba yake.